Maporomoko ya Japani katika picha za karne ya 19: tumwamini nani?

Ukipekua mkusanyo wa picha za kale za Japani ambao maktaba ya Chuo Kikuu cha Nagasaki imeuweka mtandaoni, hukawii kukutana na maji yanayoporomoka: Kegon, Urami na Kirifuri huko Nikko, mji wa milimani kaskazini ya Tokyo, Nunobiki juu ya mji wa Kobe, na mengine madogo yasiyo na sifa. Picha za aina hii zilipigwa kati ya miaka ya 1860 na 1900, zikachapwa kwenye karatasi yenye ute wa yai, nyingi zikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa ndani ya albamu nzito zenye majalada ya kung'aa.

Kuhusu thamani yake kuna kambi mbili. Ya kwanza inazishika kama shahidi: hivi ndivyo mahali palivyokuwa kabla ya barabara, lifti na mabwawa. Ya pili inasema tusijidanganye, hizi ni bidhaa za watalii, zilitengenezwa Yokohama, mji wa bandari karibu na Tokyo, kwa ajili ya mgeni aliyetaka kurudi kwao na Japani ya ndoto zake, na ukweli haukuwa sehemu ya bei. Mimi naona kila kambi inaibeba picha nzima nzima, ama kuikubali ama kuikataa. Picha ya maporomoko haibebeki hivyo.

Nianze na kambi ya pili, maana hoja zake ni nzito kuliko watetezi wa picha wanavyopenda kukiri.

Tazama kwanza ni maporomoko gani yaliyopigwa picha. Kwa mikataba iliyofungua bandari za Japani, mgeni hakuruhusiwa kwenda zaidi ya ri 10 kutoka bandarini, yaani kama kilomita 40, bila kibali maalumu. Mambo yalikuwa hivyo hadi mwaka 1899. Bandari ya Kobe ilifunguliwa mwanzoni mwa 1868, na maporomoko ya Nunobiki yako nyuma tu ya mji, mwendo wa miguu usiofika saa nzima kutoka mtaa wa wageni. Mtu aliweza kushuka melini asubuhi, akapanda kunywa chai mbele ya Ontaki, yale makubwa yenye mita 43, na jioni akawa tena chomboni. Si ajabu Nunobiki hayakosi katika albamu.

Linganisha na Nachi, kwenye rasi ya Kii. Yana mita 133, ni mahali pa hija tangu kale, na kinachoabudiwa pale ni maji yenyewe; hekalu lililo chini yake halina jengo la ndani la kumweka mungu, kwa kuwa mungu ndiye huyo anayeshuka mbele ya macho yako. Wachoraji wa Japani walikuwa wameyachora kwa ibada zaidi ya miaka 500 kabla kamera haijafika, na mchoro mmoja wa hariri wa zama hizo umo katika makumbusho ya Nezu, Tokyo. Lakini Kii haikuwa kwenye njia ya meli za watalii, na katika albamu za Yokohama Nachi ni adimu. Mjapani aliyekuwa akijiandaa kwenda hija angeiangalia orodha ya albamu hizo akashangaa ni nani aliyeipanga. Iliyoipanga ni ratiba ya meli.

Kisha kuna rangi. Picha ilitoka ya kahawia; kila kisicho cha kahawia kiliongezwa kwa brashi. Wapaka rangi walikuwa mafundi kwelikweli, lakini mbele ya fundi hapakuwa na Nikko, palikuwa na karatasi na vikombe vya rangi. Tena kemikali za wakati ule ziliona bluu vizuri na nyekundu karibu haziioni kabisa. Jani bichi na jani jekundu la msimu wa kupukutika yote yalitoka meusi. Ukiona Kegon yamezungukwa na miti ya rangi ya moto, aliyeamua kwamba ni Oktoba na si Juni huenda ni brashi ya studioni.

Tarehe nazo haziaminiki. Mpiga picha Felice Beato alifika Yokohama mwaka 1863, akapoteza kazi yake nyingi kwa moto mwishoni mwa 1866, akaanza upya. Mwaka 1877 aliiuza studio pamoja na negativu zake, yaani vioo vya kuchapia picha, kwa baroni wa Austria, Raimund von Stillfried. Mwaka 1885 Mwitaliano Adolfo Farsari akainunua ile ya Stillfried, na mwaka uliofuata moto ukateketeza negativu zake, akalazimika kuzunguka nchi kwa miezi mitano akipiga upya. Kwa mlolongo huo, picha iliyonunuliwa 1884 yaweza kuwa ilipigwa 1868. Jina la Kiingereza na namba ya orodha vilivyoandikwa pembeni vinakuambia nani alikuwa anauza. Aliyepiga ni habari nyingine, na mwaka wa kupigwa ni habari ya tatu.

Hadi hapo ningekuwa tayari kufunga kesi, kama si Urami.

Urami yako Nikko, na sifa yake ilikuwa kwamba mtu aliweza kuingia nyuma ya maji. Mwamba wa juu ulitokeza mbele, maji yakaruka, na chini yake palikuwa na pango lenye njia. Mshairi Basho alipita hapo mwaka 1689, akaingia akayaona maji kwa nyuma, na akaandika kwamba yanaruka shaku 100, yaani mita 30 hivi. Septemba 1902 kimbunga kikashusha mafuriko. Ule mwamba uliotokeza ukabomoka. Mafuriko hayohayo yalilichukua daraja jekundu la Shinkyo kwenye mlango wa Nikko, na yakasomba baadhi ya sanamu za Jizo, mlinzi wa wasafiri na watoto katika imani ya Kibuddha, zilizopangwa kando ya mto pale Kanmangafuchi. Leo Urami yana kama mita 20, na mgeni huyatazama kwa mbele, akiwa kwenye jukwaa.

Kwa hiyo picha yoyote inayoonyesha ule mwamba ukiwa mzima imepigwa kabla ya Septemba 1902, liwe liwalo jina lililoandikwa chini. Shaku 100 za Basho ni namba ya mshairi. Alitaka kusema ni marefu. Lakini picha yenye mtu aliyesimama kwenye njia ya nyuma ya maji unaweza kuipima kwa rula: mtu ni kiasi fulani, mwamba ni mara ngapi yake. Na katika kipimo hicho nia ya muuzaji haina uzito wowote. Fundi aliweza kugeuza majani yakawa mekundu, aliweza kumvika mpita njia kimono cha samawati. Hakuwa na sababu wala njia ya kulisogeza genge. Jiwe linasema kweli kwenye picha hizi hasa kwa sababu hakuna mnunuzi aliyelijali.

Kegon pia yana ushahidi wa namna hiyo. Njia ya kushuka hadi karibu na chini ya maporomoko ilichongwa mwaka 1900 na mwenye kibanda cha chai, na lifti ikafuata 1930. Picha iliyopigwa kutoka ukingoni kwa pembe mbaya, maji yakiwa yamekatwa chini na vichaka, isihesabiwe uzembe. Pengine mpiga picha alisimama mahali pekee ambapo mguu wake na mizigo yake vingeweza kufika.

Na mizigo ilikuwa mingi. Hadi miaka ya 1870 kazi ilikuwa ya kioo kibichi: unamimina kolodioni, dawa nzito ya kunata, juu ya kioo, unakichovya kwenye nitrati ya fedha gizani, unakitia kwenye kamera kikiwa kinachuruzika, unafungua lenzi, kisha unakikimbiza kwenye hema la giza ukisafishe kabla hakijakauka. Yote ndani ya dakika chache, kando ya genge, unyevu ukipepea kila upande. Bondeni mwanga ni hafifu, kwa hiyo lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa. Tone linaloanguka mita 97 za Kegon huchukua sekunde nne na ushee, hata tukisema hewa haikulizuia. Lenzi ikikaa wazi sekunde tano, tone hilo limepita picha nzima kutoka juu hadi chini, na maelfu mengine nyuma yake. Ndiyo maana maji yanatoka kama bafta iliyoanikwa, meupe, yamenyooka, hayana kishindo.

Hapa ndipo picha inapodanganya, na haikukusudia. Nimeona watu wakiweka picha ya zamani ya Nunobiki kando ya ya leo ili waonyeshe jinsi maji yalivyopungua. Kishawishi ni kikubwa, maana bwawa la Nunobiki, la kwanza la zege la aina yake nchini Japani, lilikamilika mwaka 1900 juu ya maporomoko hayo, na kule Nikko maji yanayotoka ziwa Chuzenji kwenda Kegon siku hizi yanadhibitiwa na binadamu. Kwamba mabwawa yamebadili mtiririko, sina ubishi. Ila picha hizo haziwezi kubeba hoja hiyo. Lenzi iliyokaa wazi huunganisha michirizi myembamba ikawa utepe mpana. Msimu hatuujui, na brashi imeshatuchezea. Na mvua ya jana yake hakuna aliyeiandika. Mwanamazingira anayetaka kiasi cha maji akatafute vitabu vya wahandisi.

Kambi ya pili huwa inakwenda mbali zaidi na kusema biashara ya albamu iliwapora Wajapani namna yao ya kuyaona maporomoko. Hapa siko nao. Soko la picha za maporomoko lilikuwapo kabla mgeni hajashuka. Karibu mwaka 1833 mchoraji Hokusai alitoa mfululizo wa michoro minane ya maporomoko ya majimbo mbalimbali, ikachapwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kirifuri yamo, yamegawanyika mikondo mikondo juu ya mwamba kwa namna ambayo hakuna jicho lililowahi kuyaona. Kegon hayamo. Nachi hayamo. Aoigaoka yamo, maporomoko ya ndani ya jiji la Edo, Tokyo ya leo, ambayo leo hayapo tena. Orodha ya Hokusai nayo ilitazama mnunuzi, na maji yake si ya kweli kuliko yale ya kioo kibichi.

Tena waliouza na kupiga hawakuwa wageni peke yao. Kusakabe Kimbei alianza kama mpaka rangi kwa Beato, akafungua studio yake Yokohama mwaka 1881, na baadaye jina lake likaenea katika albamu kuliko la mwajiri wake wa zamani. Yeye na akina Tamamura Kozaburo hawakuhitaji kibali cha kwenda Nikko, mji ulio zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Tokyo. Wateja wao walikuwa wageni, hilo halikwepeki. Lakini kumwita Kimbei mkono tu wa jicho la Mzungu ni kumdharau fundi aliyejua biashara yake.

Sifa ya Kegon nayo haikutolewa na wageni. Hadi mwaka 1872 wanawake walikatazwa kufika kwenye mlima mtakatifu wa Nantai, na nusu ya taifa haikuwa na ruhusa ya kuliona ziwa linaloyalisha maporomoko hayo. Serikali mpya ya mfalme Meiji ikaifuta marufuku hiyo. Reli ikafika Nikko mwaka 1890. Mwaka 1900 postikadi za watu binafsi zikaruhusiwa, na picha ikawa rahisi kwa kila mfuko. Magazeti mawili makubwa yalipoendesha kura ya mandhari mapya nane ya Japani mwaka 1927, zilipigwa kura zaidi ya milioni 90, na upande wa maporomoko Kegon yakachaguliwa. Watetezi wa picha hupenda kudai ushindi huo ni wa kamera. Mimi naupa zaidi gari moshi: watu walikwenda wakaona, kisha wakanunua postikadi.

Kinachonikera ni maktaba na wauzaji kuendelea kuziandika picha hizi kwa jina la studio na mwaka wa kukisia, "Kimbei, karibu 1890", kana kwamba hiyo ndiyo habari. Kwa Urami andika "kabla ya Septemba 1902", na useme kama mwamba na njia ya nyuma vinaonekana. Kwa Kegon andika pembe: ukingoni au chini. Kwa Nunobiki andika kama vibanda vya chai vimo, na viko upande gani. Hayo yote yako kwenye karatasi, hayahitaji kukisia. Ningepewa nichague, ningechukua Urami iliyopauka, isiyo na jina la mtu, mwamba wake wa juu ukiwa mzima na mtu amesimama chini yake, nikakuachia Nunobiki safi yenye namba ya studio inayojulikana.