VSC si ya kuzibwa taa

Wapo madereva wazoefu wanaosema hii kontroli ya kuzuia gari isiserereke, kwenye Toyota inaitwa VSC, inawalemaza watu tu, dereva kamili anaisikia gari kwenye usukani, na tena ukiingia tope la masika njia za shamba inapunguza nguvu ya injini, unakanyaga mafuta gari haiendi. Hilo la tope kweli kabisa, ndo maana ikawekewa swichi ya kuizima, mchanga wa pwani hata mie naizima. Na kweli wapo wakishajua ipo wanakimbia zaidi, mvua inanyesha na tairi kipara. Tairi ikishaelea juu ya maji hakuna kompyuta ya kukusaidia hapo.

Lakini kwani wanajua inafanya nini? Inalinganisha usukani umeukata wapi na gari yenyewe inaelekea wapi, mara nyingi ndani ya sekunde moja, zikipishana inashika breki tairi moja tu. Mkia ukitaka kukupita kwenye kona inashika ya mbele upande wa nje, gari ikigoma kukata inashika ya nyuma upande wa ndani, kama mtu kazamisha kafi upande mmoja mtumbwi ukageuka. Sasa huyo dereva kamili ana pedeli moja ya breki, tairi moja peke yake ataishika na nini?

Tafiti za Marekani zilikuta ajali za kuua za gari moja zinapungua karibu nusu. Gari moja, yaani hujagongana na gari nyingine. Ndo ile ng'ombe katoka, dereva kakwepa, kakata kurudi, gari ishageuka imo minazini. Hizo ndo zinapungua nusu! Wao wakailazimisha kwa gari mpya za modeli ya 2012, Ulaya Novemba 2014. Utaambiwa kule kuna barafu. Haya, na lami ya Chake kwenda Wete huku Pemba, kona na vilima, mvua ya kwanza ikichanganyika na vumbi na mafuta?

Kinachoniudhi zaidi ni taa. Kile kigari chenye mistari ya nyoka kikiwaka kwenye dashibodi, pengine ni sensa ya mwendo wa tairi tu, ile ile ya ABS, breki za kuzuia tairi isijifunge, mtu badala ya kuibadilisha anaiziba taa, gari inauzwa. Ukienda kununua fungua swichi ya ufunguo kabla hujawasha injini, taa iwake, halafu washa izimike. Isipowaka kabisa na umeambiwa gari inayo, muulize muuzaji nani kaiziba.