Punguzo la Mtani

Nilipoamua kuachana na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inayolipa hasara ya watu wengine tu, ambayo kwa gari langu binafsi nilikuwa nikiilipia shilingi 118,000 pamoja na kodi, na kuhamia bima kubwa, inayolipa na hasara ya gari lako mwenyewe, wakala aliniwekea mezani karatasi yenye safu mbili. Gari lilikuwa limethaminiwa shilingi 12,000,000. Safu ya kwanza ilikuwa na ada ya asilimia 3.5 ya thamani hiyo, ambayo pamoja na VAT ya asilimia 18 ilifika shilingi 495,600, na eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, ilikuwa shilingi 200,000. Safu ya pili ilishusha ada hadi asilimia 3, jumla shilingi 424,800, lakini ikapandisha eksesi hadi shilingi 800,000.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo sikuhitaji kikokotoo. Kwa safu ya pili ningeokoa shilingi 70,800 kila mwaka, na hasara ikitokea ningeongeza shilingi 600,000. Nikikaa miaka minane na nusu hivi bila ajali, nitakuwa nimeshinda. Safari zangu ni za kutoka Isevya, hapa Tabora, hadi shuleni na kurudi, kwa mwendo ambao wauza mkaa hunipita na baiskeli zao zikiwa na magunia. Nikachagua safu ya pili, na hadi leo hesabu hiyo naisimamia, maana iliyoivuruga ni huruma ya mtu mwingine.

Mvua za masika zilikuwa bado mbali, lakini zile za maembe zilikuwa zimekwisha kuanza, usiku mmoja tawi la mwembe wa mama mwenye nyumba lilipokatika na kulala juu ya gari langu lililokuwa limeegeshwa kwa adabu zote. Boneti ilibonyea, rangi ikachunika hadi kwenye mlango, na taa ya kulia ikapasuka. Ndani ya tundu la taa hiyo tulikuta embe bichi limejikalia, halina hata mchubuko.

Wakala alinielekeza: picha, taarifa ya polisi, fomu ya madai, na makadirio ya fundi, ambayo mkaguzi wa kampuni angekuja kuyahakiki. Nikaenda kwa fundi ninayemwamini. Yeye ni Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, na anayeujua utani wetu atakuwa amekwisha kuiona hatari.

“Miembe hii mliileta ninyi watu wa pwani na misafara yenu,” alisema akilizunguka gari. “Leo imeanza kuwadai.”

Akapiga hesabu ya taa, kunyoosha boneti, rangi na ufundi, akapata shilingi 960,000. Nilifurahi kimoyomoyo, kwa kuwa kampuni ingetoa shilingi 160,000. Kabla furaha haijanifika usoni, akaniwekea mkono begani.

“Lakini wewe mtani wangu. Lete 790,000, mambo yaishe.”

Nikamsihi airudishe bei ya awali, ambayo ndiyo anayowatoza wateja wote. Gereji nzima ilinyamaza. Nadhani haijapata kutokea Tabora mteja aombe bei ipande. Fundi alikataa katakata.

“Mtani, nikikuibia ukiwa hai, siku ya msiba wako nitakuja kufanya utani kwa uso gani?”

Ikabidi nimweleze eksesi kutoka mwanzo, kwa utaratibu uleule ninaoutumia kufundisha sehemu na asilimia. Alinisikiliza kwa makini kuliko kidato cha pili chote, akafikiri, kisha akauliza: “Kwa hiyo unailipa kampuni ili ujitengenezee gari mwenyewe?” Kijana aliyekuwa chini ya gari la jirani alicheka hadi spana ikamdondokea kifuani.

Katikati ya kazi ilionekana kwamba kishikizo cha taa nacho kimevunjika, na kipya kiliuzwa shilingi 15,000. Jumla ikawa shilingi 805,000. Nikampigia wakala, naye akathibitisha, kwa sauti ya mtu anayetangaza mirathi, kwamba kampuni inapaswa kunilipa shilingi 5,000, ila nikiwasilisha dai hilo nitapoteza punguzo la kutokudai wakati wa kuhuisha bima. Bodaboda ya kupeleka makaratasi pekee ingekula sehemu nzuri ya fidia.

Nikiwa bado natafakari, mama mwenye nyumba alimtuma mjukuu wake na ujumbe kwamba tawi lile lilikuwa na maembe ya biashara, na kwamba yamepondekea juu ya gari langu. Nilimuuliza wakala kama maembe hayo si mali ya mtu wa tatu, kwa sababu ninavyofahamu, eksesi yangu ilihusu gari langu tu na haikugusa madai ya watu wengine.

“Mwalimu,” alinijibu, “bima ya mtu wa tatu hulipa pale gari linapougonga mti. Hapa mti ndio uliogonga gari.”

Mama mwenye nyumba hakutaka picha, fomu wala mkaguzi. Nilimlipa siku hiyohiyo, kuanzia shilingi ya kwanza, na jioni akanitumia shukrani pamoja na kuni za lile tawi, ambazo nazo aliniuzia kwa bei ya jirani.