Sherry, Madeira na kikao cha shangazi

Kwanza niseme wazi, mi pombe sinywi. Daktari kakataza kwa ajili ya presha, na kabla ya daktari alishakataza mama mkwe. Ila vitu vya mvinyo ndo ugonjwa wangu, sio mvinyo wenyewe, vitu vyake, yaani vizibuo vya zamani, funeli za fedha zenye mdomo uliopinda ili mvinyo uteremke taratibu ubavuni mwa chupa, vibakuli vya kuonjea vya kule Burgundy, makorokoro yote hayo. Watu wananiuliza we mtoto wa Dodoma haya umeyatoa wapi, nawajibu Dodoma si ndo kwenye zabibu jamani, mi nimekua naona watu wanavuna Hombolo, tatizo nyie mkisikia Dodoma mnawaza vumbi na Bunge.

Sasa maisha yakanileta Birmingham, Uingereza, na huku ndo kwao na haya mambo. Kizibuo cha kwanza kupata hati miliki nchi hii, mwaka 1795, kilikuwa cha padre wa Kianglikana anaitwa Samuel Henshall, na aliyeshirikiana naye kukitengeneza ni Matthew Boulton, bwana viwanda wa hapa hapa mjini. Padre kabisa, kaacha kuandaa mahubiri kakaa anawaza chupa itazibuliwaje. Mke wangu nilipomsimulia hii hakucheka, akaniuliza tairi za gari nabadilisha lini.

Ndiyo, tairi. Zile mbili za mbele zilikuwa vipara, hela ya tairi ilikuwa tayari ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa kwangu. Hapo ndo pa kuanzia.

Katika makorokoro yote mi nilichozama kabisa ni lebo za fedha za kuning'iniza kwenye chupa. Zamani mabwana wa Uingereza walikuwa wananunua mvinyo kwa mapipa, mtumishi anaujaza kwenye chupa huko chini stoo, na ukipanda mezani unakuja kwenye dekanta, yaani chupa ya kioo ya mezani, isiyo na karatasi wala maandishi. Mvinyo wa Sherry na wa Madeira kwenye kioo unaweza usiutofautishe, mgeni anamiminiwa asichokitaka. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1730 hivi masonara wakaanza kutengeneza vibao vidogo vya fedha, jina la mvinyo limechongwa, vina mkufu mwembamba wa kuvika shingo ya chupa. Biashara ikanoga zaidi ya miaka mia, halafu 1860 ikaja sheria iliyoruhusu maduka ya kawaida kuuza mvinyo wa chupa, lebo za karatasi zikatapakaa, masonara wakahamia kwenye mambo mengine, vibao vikabaki kwenye makabati ya mabibi mpaka vikatufikia sisi wagonjwa.

Nikaenda gulio moja karibu na Worcester, yale ya Jumapili watu wanafungua buti za magari uwanjani na kuuza vitu vya ndani. Mzee mmoja alikuwa na kopo la biskuti limejaa vifungo, funguo za makufuli yaliyokufa na hereni moja moja. Nikachimba. Nikaitoa lebo yenye umbo la jani la mzabibu, mishipa ya jani imechorwa mpaka ukingoni, herufi zimekatwa tobo ukiinua unaona anga upande wa pili, SHERRY, na mkufu wake mzima. Yule mzee alijua anachouza maana alitaja hamsini bila kupepesa. Nikamshusha mpaka thelathini na tano. Nikafungua bahasha ya tairi.

Nikaweka kwenye mfuko wa koti nikasahau. Mi nafanya kazi usiku, nyumba ya wazee, nikirudi asubuhi hata jina langu silijui.

Jioni moja naamka, nashuka jikoni, mke wangu anasonga ugali. Hajageuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo wanaume wote mnaijua.

"Sherry ni nani?"

Sasa mnielewe, mi kichwani nina tairi. Najua kaiona lebo, najua atauliza hela, nikasema ngoja nijishushe mapema.

"Aa mke wangu, nilikuwa nataka nikwambie."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili hivi. Worcester."

"Na umetoa shilingi ngapi?"

"Paundi thelathini na tano tu! Bei ya kutupa hiyo, London watu wanatoa mia na zaidi."

Mwiko ukasimama. "Kwa hiyo kuna na wa London."

"Wa London mi siwawezi," nikasema, nikiwa na maana ya wale wauzaji wenye maduka ya kifahari.

"Kijana?"

Nikadhani ananiuliza aliyeniuzia. "Mzee. Mzee sana ila mcheshi."

Akageuka. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Mi nikaona nyamaza hii imezidi, nikaanza kuisifia bidhaa. Nikamwambia wa zamani kweli, ila mzuri, mgongoni tu ndo kuna mkwaruzo kidogo.

"Umeangalia mgongo."

"Lazima uangalie mgongo, tena kwa lenzi, si ndo unajua kama ni halisi au umebambikwa. Na wala Sherry sio shida mama, kila mtu anaanza na Sherry. Mi shida yangu hasa ni Konstansia."

Ngoja niwape picha. Kwenye jumuiya yetu ya Waswahili hapa mjini kuna dada anaitwa Konstansia. Anaimba sauti ya kwanza. Mjane.

Mke wangu akazima jiko, ugali ukiwa haujaiva, akachukua simu akapanda juu.

Saa mbili usiku kikao kikakaa sebuleni kwangu. Shemeji, kaka yake mkubwa, kaendesha kutoka Leicester na koti la suti, lile analovaa kwenye misiba. Shangazi yake mke wangu yuko WhatsApp kutoka Ipagala, Dodoma, kwao saa nne usiku, khanga kichwani, simu imesimamishwa kwenye kopo la sukari imeelekezwa kwangu. Lebo iko katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe. Hapo ndo nikaelewa kesi yenyewe ni ipi, na badala ya kuogopa nikapata nguvu maana jamani sina kosa! Nikasema subirini, nikakimbia kuleta boksi langu zima ili waone kwamba hizi ni lebo za mvinyo na ninazo nyingine.

Shemeji akavaa miwani akaanza kutoa moja moja akisomea simu.

"Madeira."

"Mungu wangu," shangazi akasema.

"Marsala. Klareti. Vidonia."

"Na kila mmoja na mkufu wake?"

"Kila mmoja na wake, shangazi."

Ningekuwa na lebo ya RUM au GIN mambo yangeisha palepale, na zilitengenezwa nyingi tu, ila mi nakusanya za mvinyo tupu, za pombe kali nazionaga za kihuni. Kuringa kubaya.

"Mkwe wangu," shangazi akaniita kwa upole wa kutisha, "hawa wote ni wa wapi?"

Mi tena na mdomo wangu: "Sherry Hispania, Madeira Ureno, Marsala Italia, Vidonia visiwa vya Kanari, Klareti Ufaransa."

"Na kazi ya usiku unaifanya saa ngapi?"

Nikaona maneno hayasaidii, nitumie kipimo. Nikauinua ule mkufu wa Sherry, nikasema angalieni wenyewe, huu unaingia shingo ya mwanamke gani? Hauna kufunguka, umeshikishwa kwenye pete mbili za jani, ni wa kuvisha tu kwa juu. Mke wangu akaujaribu kichwani, ukaishia kwenye kisogo kabla haujaanza safari. Akajaribu kwenye mkono, ukakwama kwenye vidole. Nikapumua. Nikajua nimeshinda.

Kimya. Halafu shangazi kutoka Ipagala:

"Huo ni wa mtoto."

Yesu na Maria. Shemeji akavua miwani taratibu, akahesabu kwa kidole juu ya meza, akaniangalia kwa masikitiko kabisa, hata hasira hana tena. "Watano, shemeji. Watano nje, na hawa wawili ndani hata baiskeli hawana." Mke wangu akaanza kulia, na kule kwenye ngazi ambako watoto walitakiwa wawe wamelala nikamsikia wa mwisho anamuuliza dada yake, "Kwa hiyo Madeira ni mkubwa kwangu?" Sauti imejaa furaha. Alikuwa anataka mtu wa kucheza naye.

Nikachukua lenzi yangu ya sonara. Nikamwambia shemeji, kama mwanaume mwenzangu nakuomba, geuza huo mkufu, angalia mgongo wa jani, sema unachokiona.

Akainama. "Naona simba."

"Simba anafanya nini?"

"Anatembea. Halafu we unajua mi ni Yanga, usinichokoze."

Nikawaeleza huyo simba anayetembea ndo alama ya fedha halisi, asilimia 92.5. Endelea shemeji. Akaona nanga. Shangazi akadakia, nanga ya nini, huyo mwanamke yuko melini? Nikasema hapana shangazi, nanga ni muhuri wa ofisi ya kupima fedha ya Birmingham tangu 1773, mji hauna bahari lakini inasemekana waliichukua kwenye jina la baa moja ya London ambako wakubwa walikuwa wanakutana.

"Kumbe mlikutania baa."

Nikaachana na historia. Shemeji akaona kichwa cha mwanaume. Hicho ni cha mfalme, nikasema, George wa Nne, maana yake kodi imelipwa. Na ile herufi pembeni ni mwaka. Nikamfungulia jedwali la herufi akalinganisha mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, midomo inacheza.

"1827," akasema.

"Piga hesabu."

Akapiga. "Shangazi, huyu Sherry ana karibu miaka mia mbili."

Baada ya hapo mambo yakalainika. Nikawaonyesha kwenye simu makumbusho ya Victoria and Albert ya London, lebo za namna hiyohiyo zimepangwa na namba zake, nikawaonyesha kwamba kuna chama kabisa cha wakusanyaji, Wine Label Circle, kimeanzishwa 1952. Mke wangu akafuta machozi akasema, "Kwa hiyo mko wengi," na hilo sikulipenda lilivyotoka. Nyumbani hatuna mvinyo, nikaleta chupa ya mafuta ya alizeti, nikaivika SHERRY. Mkufu ukakaa, jani likatulia begani mwa chupa, herufi zikapitisha rangi ya mafuta, jamani ilipendeza! Shangazi akasogeza uso kwenye kamera mpaka tukaona pua tupu.

"Aaa," akasema. "Hirizi ya chupa."

"Naam shangazi. Hirizi ya chupa."

"Si ungesema."

Halafu mke wangu akauliza kwa sauti ileile ya chini, sawa, sio mwanamke, hela ya tairi iko wapi. Shangazi akasema hilo ni la chumbani, usiku mwema, akakata. Shemeji akakumbuka ugali haukuiva akasema basi hata chai.

SHERRY mpaka leo iko kwenye mafuta ya alizeti, mke wangu kagoma kuitoa, kila akikaanga kitu ananiangalia. Tairi nilibadilisha kwa hela ya overtaimu. Na mi nilikuwa nimetulia kabisa, isipokuwa mwezi uliopita ikatokea mnadani ile ninayoitafuta, CONSTANTIA. Huo ni mvinyo mtamu wa Rasi ya Afrika Kusini, shamba lilianzishwa 1685 na gavana Simon van der Stel, Napoleon alipofungwa St Helena alikuwa anapelekewa huo, yaani ni lebo yenye jina la kwetu bara la Afrika, niiache vipi? Nikashinda mnada. Ila kuileta kwangu sikuthubutu. Nikamwambia shemeji, kwa kuwa we umesoma mgongo kwa macho yako na unaelewa, itumwe kwako Leicester nitaifuata.

Jumamosi tunakula, simu ya mke wangu ikaita, kaweka spika. Ni wifi yake, mke wa shemeji, anahema.

"Wifi, kuna bahasha imekuja hapa kwa jina la kaka yako, nimefungua nimekuta mkufu wa fedha. Konstansia ndo nani?"

Na nyuma yake tukamsikia shemeji, yule mwenye koti la misiba, anajitetea kwa sauti ya juu kabisa:

"Sio wangu mama, ni wa shemeji! Mi kaniomba nimtunzie tu!"