Uzito wa Mirror Reaper Hautokani na Kelele

Wapenzi wa muziki wa metali wamezoea kupima uzito wa albamu kwa vitu viwili: nyuzi za gitaa zimelegezwa kiasi gani, na spika zimepangwa hadi kimo gani. Kwa kipimo hicho, Mirror Reaper, albamu ambayo bendi ya Bell Witch ya Seattle, Marekani, iliitoa Oktoba 2017, isingestahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi nzito kabisa za doom metal, tawi la metali lenye mwendo wa polepole na huzuni nyingi, kwa kuwa haina gitaa la kawaida hata moja. Ina wimbo mmoja tu, wa dakika 83 na ushei, uliobebwa na watu wawili: Dylan Desmond kwenye gitaa la besi lenye nyuzi sita, na Jesse Shreibman kwenye ngoma na kinanda cha Hammond, huku wote wawili wakiimba. Hata hivyo, sijapata kusikia albamu inayomwelemea msikilizaji kuliko hii, na nadhani wengi wanaoisifu huisifu kwa jambo ambalo silo linaloipa uzito.

Imani kwamba uzito ni suala la nyuzi kulegezwa ina historia yake. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza Black Sabbath, alikatika ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali ya kiwandani huko Birmingham akiwa bado kijana, na kufikia mwaka 1971 alikuwa akizilegeza nyuzi za gitaa lake ili sauti ishuke kwa nusutoni tatu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), jambo lililovirahisishia vidole vyake kazi na papo hapo kuishusha chini sauti ya bendi nzima. Doom yote imechipuka hapo. Walioiga, hata hivyo, walichukua zaidi ule mngurumo na kuuacha utulivu uliouzunguka. Leo yeyote mwenye programu ya kurekodia anaweza kulishusha gitaa mpaka litikise madirisha, na ndiyo maana tuna albamu chungu nzima ambazo ni nzito kwenye maelezo ya mtayarishaji, lakini zikiisha hazikumbukwi hata kidogo.

Uzito wa Mirror Reaper unaanzia kwenye muda. Sikio la binadamu huanza kushindwa kuyaunganisha mapigo kuwa mdundo mmoja pale yanapoachana kwa takriban sekunde mbili, na kuanzia hapo kila pigo husimama peke yake. Bell Witch wanauzungukazunguka mpaka huo kwa makusudi. Msikilizaji anaanza kulitarajia pigo, mwili wake unajiandaa kulipokea, nalo halifiki pale lilipotarajiwa. Ni hali ya mtu anayeteremka ngazi gizani, akishusha mguu kutafuta kidato ambacho bado hakijafika. Ngoma inapopigwa hatimaye, inaangukia juu ya matarajio yote yaliyokuwa yamerundikana, na hivyo hata pigo la nguvu ya wastani huonekana kubwa mno. Ngoma hiyohiyo, kwa nguvu hiyohiyo, ikipigwa kwa kasi ya mara nne, isingemshtua mtu.

Katikati ya mapigo hayo kuna besi. Uzi mnene wa besi ya kawaida hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, si mbali na mara 20 ambazo ndizo mpaka wa chini wa usikivu wetu, kwa hiyo sauti yake hupokewa na kifua pamoja na sikio. Desmond hutumia mikono yote miwili juu ya shingo ya chombo chake: nyuzi za chini zinashikilia uzito, nyuzi za juu zinaimba, na baada ya muda unasahau kuuliza gitaa liko wapi. Sauti iliyokwaruzwa na amplifaya haifi haraka. Inabaki, inabadilika polepole ikielekea kuzimika, na kasi ndogo ya wimbo ndiyo inayokupa nafasi ya kuisikia ikibadilika. (Anayeisikiliza kwa spika za simu anapata nusu ya juu tu ya haya yote, na nusu hiyo peke yake ni wimbo wa majonzi usio na jambo la ajabu.)

Bado mbinu hizi hazielezi kila kitu, kwani bendi nyingine za mtindo huu wa doom ya mazishi zinazimiliki pia. Adrian Guerra, aliyeianzisha Bell Witch pamoja na Desmond na kuipigia ngoma kwa miaka kadhaa, alifariki mwaka 2016 wakati albamu ikiwa bado inatungwa. Wenzake walichukua sauti zake zilizobaki bila kutumika katika kazi iliyotangulia, Four Phantoms ya mwaka 2015, wakaziweka karibu na katikati ya wimbo. Ingekuwa rahisi kukifanya kipande hicho kilele, chenye ngoma za kishindo na besi iliyopandishwa juu. Hawakufanya hivyo. Sauti ya marehemu inapita ndani ya muziki uleule, kwa mwendo uleule, bila kutangazwa, na asiyejua habari zake anaweza asitambue kwamba anayesikika sasa ni mtu mwingine. Kujizuia huko ndiko kunakoniuma kila ninaporudia albamu hii.

Wapo wanaoona kwamba nusu ya pili inalegea, na ninaelewa kwa nini. Ngoma zinatoweka kwa vipindi virefu, na Erik Moggridge, mwimbaji mwalikwa, anaimba kwa sauti safi na ya upole ambayo haina hata chembe ya ukali unaotarajiwa katika metali. Mimi naiona kuwa ndiyo nzito zaidi. Nusu ya kwanza humpa msikilizaji kitu cha kupambana nacho, kwani kishindo, hata kikiwa kikubwa namna gani, kinakupa mahali pa kuegemea. Hapa kishindo kimeondolewa na mwendo umebaki ulivyokuwa, na unagundua kwamba mzigo haukupungua hata kidogo. Nakiri tu kwamba dakika chache za mwisho zinarudia yaliyokwisha kusemwa vizuri zaidi; mhariri mkali angezikata bila hasara.

Mwaka 2023 bendi hiyohiyo ilitoa The Clandestine Gate, nayo ikiwa wimbo mmoja wa karibu urefu uleule, ukiwa sehemu ya kwanza ya kazi iliyokusudiwa kuwa na sehemu tatu. Imepangwa kwa ustadi zaidi, kinanda kimepewa nafasi pana zaidi, na mpito kutoka sehemu hadi sehemu ni laini kuliko awali. Ninaisikiliza kwa furaha, mara nyingine nikiwa na kazi nyingine mkononi. Mirror Reaper hainiruhusu kufanya hivyo.