Imetembea Kidogo, Lakini Imesimama Kiasi Gani?

Matangazo ya pikipiki za spoti zilizotumika, hapa Mwanza kama kwingineko nchini, huanza karibu yote na maneno yaleyale: imetembea kidogo, injini haijafunguliwa, kadi ipo. Mnunuzi akisoma hilo la kwanza moyo unatulia, na kuanzia hapo ukaguzi wake unakuwa wa kutafuta mikwaruzo tu. Naandika kwa sababu utulivu huo unawagharimu watu pesa, na siku nyingine unawagharimu ngozi. Naandika pia kuitetea pikipiki ya aina nyingine, ile iliyotembea kilomita 35,000 au 40,000 mikononi mwa mtu aliyeijali, ambayo wanunuzi wengi huipita bila hata kuuliza bei.

Nazungumzia Kawasaki Ninja 250 na 300, Honda CBR250R, Yamaha R15 na R3, na kwa mwenye uwezo zaidi, zile za silinda 4 za cc 600 kama Yamaha R6.

Wanaotafuta kilomita chache wana hoja, na si ndogo. Injini ya spoti huzungushwa kwa kasi ambayo Boxer ya bodaboda haiijui. R6 hutoa nguvu zake za juu kabisa ikiwa kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Kila kilomita ya namna hiyo inakula klachi, gia na cheni ya taimingi. Pikipiki iliyotembea kidogo imepata pia nafasi chache za kuanguka. Na kuna hoja iliyo nzito kuliko hizo: madhara ya kusimama mengi yanarekebishika. Matairi yananunuliwa, mafuta yanabadilishwa, kabureta inasafishwa. Injini iliyochoka ndani ni habari nyingine, hasa kwetu, ambako spea ya silinda 4 huagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi na pikipiki inalala kwa fundi miezi.

Hoja hiyo ningeikubali yote kama bei ingeonyesha hivyo. Lakini muuzaji huhesabu kilomita chache kama thamani ya kuongezwa, na mnunuzi hulipa nyongeza hiyo, kisha analipa tena kuondoa madhara ya kusimama. Analipa mara mbili kwa kitu kilekile. Na kabla hajalipa mara ya pili, anakuwa ameshaiendesha wiki kadhaa ikiwa katika hali ile.

Kuna hesabu moja ambayo kila mnunuzi aifanye kabla hajashika hendeli: agawanye kilomita za dashibodi kwa miaka ya pikipiki. Tuseme ina miaka 10 na kilomita 6,000. Hiyo ni kilomita 600 kwa mwaka, kilomita 50 kwa mwezi, yaani safari moja ya kwenda Kisesa na kurudi, pamoja na mizunguko michache ya mjini. Sasa jiulize mwezi huo ulikwendaje. Mara nyingi mwenyewe hakuwa anaendesha kilomita 50 kila mwezi kwa mpangilio. Aliendesha sana miezi ya mwanzo, kisha maisha yakambana, akahamishwa kazi au akazaa, pikipiki ikafunikwa turubai. Kwa hiyo wastani wenyewe unaficha jambo. Nyuma ya kilomita 6,000 kunaweza kuwa na miaka 2 ya kuendesha na miaka 8 ya kusimama, na dashibodi haina sehemu ya kuandika miaka 8 hiyo. Namba ileile ingeonekana kwenye pikipiki ya miaka 2 iliyoendeshwa kila Jumapili, na hizo ni pikipiki mbili tofauti kabisa.

Tuanze na matairi, kwa sababu hapo ndipo kilomita chache zinapodanganya vibaya zaidi. Tairi la pikipiki iliyosimama lina kashata nzima, linang'aa, na mnunuzi hulihesabu kama faida. Soma ubavuni, kwenye maandishi ya DOT, tarakimu 4 za mwisho. Ukikuta 2315, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Michelin wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka 5 ya matumizi, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama kwa macho linaonekana zima. Mpira unakuwa mgumu, unapoteza mshiko, na pikipiki ya spoti inategemea mshiko huo inapolala kwenye kona kwa eneo dogo sana la mpira. Barabara ya Airport asubuhi baada ya mvua ya usiku, na tairi gumu chini yako, ni mahali pa hatari hata kwa mwendo wa kawaida. Na kumbuka tairi la nyuma la 180/55 inchi 17 hulikuti kwenye duka la spea za bodaboda.

Breki nazo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kwa viwango vya DOT 4 (hili ni daraja la mafuta ya breki, si yale maandishi ya tairi), mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji kiasi kinachotumika katika kipimo cha viwango hivyo, kikomo hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatengeneza mvuke ndani ya mpira wa breki, na mvuke unabonyea, hivyo unavuta breki inaingia hadi kwenye mshikio bila kukamata. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 bila kujali umetembea kiasi gani. Tazama kikopo cha mafuta kwenye hendeli. Mafuta mazuri ni meupe yenye umanjano kidogo; yakiwa ya kahawia iliyokolea, yamekaa miaka. Mji wetu ni wa milima na mawe. Anayeshuka Bugando au Capri Point akiwa na mafuta ya namna hiyo amebeba hatari asiyoiona, na kilomita chache ndizo zilizomfanya asiangalie.

Yanayobaki nitayapitia haraka. Petroli iliyokaa miezi kwenye kabureta inaacha utando unaoziba vitundu vidogo, na pikipiki inawaka lakini inakohoa ukifungua akseleta. Fungua mfuniko wa tangi umulike kwa tochi. Kutu ya ndani ya tangi itakwenda hadi kwenye pampu ya mafuta kama ni ya injekta. Sili za shokapu za mbele hukauka, kisha siku ya kwanza ya kufanya kazi zinavuja. Futa nguzo za shokapu kwa kitambaa safi, keti juu, bonyeza mara kadhaa, kisha tafuta duara la oili. Unyevu wa ziwani unazitia nguzo hizo vidonda vidogo vya kutu, na kila kidonda kinakata sili mpya utakayoweka. Hapo kuna haki moja ya kuipa Mwanza: maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na pikipiki iliyokaa Kirumba haijala hewa ya chumvi kama iliyokaa Tanga au Zanzibar. Ikiwa imetoka pwani, tazama boliti za chini na mapezi ya rejeta kwa uangalifu mara mbili.

Sasa mwenye pikipiki ya kilomita 38,000. Huyu katika miaka 10 amekwenda kilomita 3,800 kila mwaka. Mafuta ya injini yamezunguka, sili zimelainika, betri imechajiwa, na lililo kubwa kuliko yote, kasoro zimepata nafasi ya kujitokeza na kutengenezwa. Matairi yake hayawezi kuwa ya kiwandani, maana yale ya kwanza yaliisha zamani. Alilazimika kununua mengine, na tarehe utaiona ubavuni. Cheni na sproketi zilibadilishwa. Ukikaa naye dakika 20 utajua kama anasema kweli. Muulize anaweka oili gani. Anayeijali atakuambia bila kusita oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Anayejibu "oili yoyote tu nzuri" amekupa taarifa zaidi kuliko dashibodi yake. Kuhusu hofu ya injini kuchoka, ukaguzi wa nafasi za valvu za R6 kwa ratiba ya Yamaha unakuja baada ya kilomita 40,000 na ushei. Kiwanda chenyewe hakioni kilomita 38,000 kama uzee.

Naijua hoja ya kujibu hapa: hatuna utamaduni wa kutunza kumbukumbu za matengenezo, kwa hiyo huyo mwenye kilomita nyingi atathibitishaje? Ni kweli, daftari la sevisi hulipati mara nyingi. Lakini kilomita chache nazo zinathibitishwa na nini? Na dashibodi? Dashibodi hubadilishwa baada ya ajali, na za kidijitali hurudishwa nyuma na mwenye kifaa. Pikipiki iliyotoka Uingereza huenda inasoma maili. 12,000 ya hapo ni zaidi ya kilomita 19,000. Njia ya kuhakikisha ipo kama muuzaji ana karatasi za kuingizia: Uingereza kila pikipiki hupita ukaguzi wa MOT inapofika miaka 3 na kila mwaka baada ya hapo, na maili zilizosomwa hutazamwa na mtu yeyote mtandaoni kwa namba ya usajili ya huko. Japani kuna ukaguzi uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, lakini unahusu pikipiki zinazozidi cc 250. Ninja 250 iliyotoka Japani ingeweza kukaa stoo miaka 8 bila mkaguzi yeyote kuigusa. Hizi ndizo tunazouziwa kama "mpya kabisa".

Pikipiki yenyewe husema ukweli kama utaisikiliza mahali sahihi. Diski za breki zina unene wa chini kabisa ulioandikwa juu yake. Zikiwa na ukingo uliosimama pembeni huku dashibodi ikisema kilomita 6,000, namba hiyo haiaminiki. Mpira wa kukanyagia na mpira wa mshikio wa kulia havirudishwi nyuma kwa kifaa. Kwa ajali, acha kutazama rangi, maana kava huuzwa mpya. Tazama ncha za hendeli, ncha za vikanyagio, kava la injini upande wa klachi, na vile vituo viwili vya chuma kwenye shingo ya fremu vinavyozuia usukani kuzidi. Vikiwa vimebonyea au kupasuka, usukani uligongwa kwa nguvu nyingi, na fremu ina maswali.

Kisha piga magoti uangalie tumboni. R6 inaachana na ardhi kwa milimita 130 tu, na matuta yetu hayakujengwa kwa ajili yake. Bomba za eksozi na sehemu ya chini ya injini zikiwa zimekwaruzwa ni jambo la kawaida. Zikiwa zimebonyea, au kukiwa na oili karibu na nati ya kumwagia, hilo ni la kujadili bei au kuondoka. Inyanyue tairi la mbele na usogeze usukani polepole. Ukihisi unajikamata katikati, beringi za shingo zimekwisha.

Fika kabla haijawashwa. Gusa injini, ikiwa ya moto, mtu ameshaitayarisha kwa ajili yako, rudi kesho. Pima betri kabla ya stata, iwe karibu volti 12.6, na injini ikiwaka mashine ya kuchaji itoe kati ya 13.5 na 14.5. Iache ingurume hadi feni ya rejeta iwake yenyewe. Wengi huzima mapema mno na hawajui kama feni inafanya kazi hadi wakwame foleni ya Mabatini mchana.

Karatasi hazihitaji maneno mengi: namba ya fremu ilingane na kadi, ya injini pia, mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla pesa yote haijatoka. Na uwe na leseni ya daraja A kabla hujaomba kuijaribu.

Nikipewa hizo mbili, ya kilomita 6,000 iliyofunikwa turubai na ya 38,000 ya mtu anayejua oili yake, nachukua ya pili kwa bei ileile, na sioni haja ya kusita. Ya kwanza ningeichukua kwa sharti moja: matairi mawili mapya, mafuta yote ya breki na injini, sili za shokapu, betri, na kazi ya fundi wa kabureta vihesabiwe mbele ya muuzaji, na jumla hiyo itoke kwenye bei anayotaja. Wapo wauzaji waungwana wanaokubali, kwa sababu wanajua pikipiki yao imekaa. Na yupo mnunuzi mmoja ambaye ningemshauri achukue ya kilomita chache bila mjadala mrefu: yule anayetaka silinda 4, mwenye fundi anayemwamini, na mwenye subira ya kuitengeneza mwezi mzima kabla hajaitoa barabarani hata mara moja.