Mafuta ya majani: shambani safi, shida ipo kiwandani

Januari 2006 Rais Bush alisimama mbele ya Kongresi akataja swichigrasi, nyasi za asili za mbuga za Marekani, kwamba etanoli yake, yaani pombe ya kuendeshea magari, itashindana sokoni ndani ya miaka 6. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria, ifikapo 2022 mafuta ya selulosi, yaani yanayotokana na nyuzi za mimea kama nyasi na mabua, yawe galoni bilioni 16 kwa mwaka. Hayakukaribia hata kidogo, na ndo maana wengi siku hizi wanasema nyasi za mafuta ni porojo tu.

Mi hapo sikubaliani, maana nyasi zenyewe hazijamwangusha mtu. Ukishapanda unavuna miaka 10 na zaidi bila kulima upya, mizizi inashuka mita 2 mpaka 3 kwa hiyo udongo hauondoki na mvua, na ukisubiri majani yakauke ndo ukate, virutubisho vingi vinakuwa vimesharudi chini, mbolea unatumia kidogo sana kuliko kwenye mahindi.

Shida inaanzia getini kwa kiwanda. Mahindi unasaga, wanga unageuka sukari, basi. Nyasi sukari yake imebanwa ndani ya selulosi na lignini, ile gundi ngumu ya mmea, inabidi uzipike kwanza kwa moto na kemikali alafu uweke vimeng'enya vya kuivunja iwe sukari, ambavyo ni ghali, na robota za nyasi zinakuja na mchanga unaokula mashine. Kampuni ya Hispania, Abengoa, walifungua kiwanda Hugoton, Kansas, 2014, hakikumaliza miaka 2. DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, wakafungua chao Iowa 2015, 2017 wakaachana nacho. Na vyote vilitegemea sana mabua ya mahindi, kitu ambacho kipo shambani tayari! Sasa mkulima wa nyasi anasubiri mpaka mwaka wa 3 ndo apate mavuno kamili, atamwamini vipi mnunuzi anayeweza kufunga kabla hajavuna?

Na huku kwetu tusidanganyane kwamba ipo "ardhi isiyotumika" ya kupandia mafuta. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za kupanda mibono, mmea wa mbegu za mafuta, 2011 mradi ukafa, na kumbe wanavijiji walikuwa wanapata kuni na mkaa humohumo.

Kwa hiyo mi ningeziweka kwenye makorongo na kingo za mito zinazomomonyoka, zichomwe kwenye boila ya jirani badala ya kutafutiwa etanoli. Majani ya tembo tunayo tayari ila yanaliwa na ng'ombe wa maziwa, na maziwa yanamlipa mkulima kila siku, kiwanda kitapata tu kile ng'ombe atakachobakiza.