GPS ya tajiri na maisha ya dereva

Basi la mkoani likipita kilomita 80 kwa saa, kengele inalia karibu na usukani. Abiria wa viti vya mbele wanaisikia, kondakta anaisikia, na taarifa inasafiri kwa laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa hadi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania. Mfumo huo wa kufuatilia mwendo wa magari, VTS kama unavyojulikana stendi zote, ulianza enzi za SUMATRA, mamlaka iliyotangulia, na LATRA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikaurithi na kuukazia. Dereva ana kitufe chake kidogo cha chuma anachokigusisha kwenye kifaa kabla ya kuondoka, mfumo ujue nani kashika usukani.

Madereva wengi hawaupendi. Wapo waliofikia kuchomoa waya, na LATRA imeshafungia leseni za mabasi yaliyokutwa yamechezewa mfumo. Ukiwasikiliza, utasikia malalamiko mawili yaliyochanganywa kwenye chungu kimoja. La kwanza ni la anayetaka kukanyaga mafuta bila kuulizwa. La pili ni la mtu mzima anayeona kwamba mwajiri wake anajua alikolala jana. La kwanza halinipi shida. La pili linastahili kusikilizwa, na bahati mbaya linazimwa na kelele za lile la kwanza.

Nianze na basi, maana huko mizani imeelemea upande mmoja. Kabla ya VTS tulikuwa na tochi za trafiki za kupimia mwendo peke yake. Tochi inakupima pale ilipo. Madereva wakawa wanawashiana taa, mtu anashuka hadi 50 kwenye makazi, akishalipita lile kona la askari anaenda anavyojua. Kifaa hakina kona. Kikikosa mtandao porini, kinahifadhi taarifa na kuzituma mtandao ukirudi. Mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio lililokuwepo tangu miaka ya 1990, wengi tulijiuliza nani atamwona dereva saa tisa usiku katikati ya Mikumi. VTS ndiyo iliyolifanya jibu liwezekane. Hata abiria anaweza kuangalia mwendo wa basi lake kwenye programu ya LATRA. Mwendo wa gari lenye abiria hamsini hauwezi kuwa siri ya mtu mmoja, na sioni dereva mwenye hoja ya kunibadilisha hapo.

Ila hata kwenye basi, kifaa kina upofu wake. Kinauona mguu wa dereva, hakiioni simu ya tajiri. Basi lililochelewa kutoka stendi kwa sababu mwenye mali alisubiri viti vijae, dereva ndiye anayeambiwa afike kwa wakati. Akikimbia, rekodi inaonyesha jina lake. Aliyemkimbiza hayumo. Kitufe nacho hakitambui uso: madereva wawili wanaopaswa kupokezana safari ndefu wanaweza kuachiana vitufe, mmoja akaendesha njia nzima huku mfumo ukiamini mwenzake kashika zamu. Kwa hiyo anayesema VTS inadanganya hajakosea kabisa. Inasema kweli kuhusu gari, na nusu ya kweli kuhusu watu.

Sasa njoo kwenye malori, ndiko jambo lenyewe liliko.

Dereva wa lori anayetoka bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, Kongo, hana nyumba nyingine kwa muda wote wa safari. Nyuma ya kiti chake kuna kitanda, chini ya kitanda kuna jiko dogo na dumu la maji, mbele kuna pazia analolivuta akitaka kulala. Foleni ya mpakani Tunduma ikikaza, anaweza kukaa hapo siku kadhaa na utingo wake. Anafua hapo, anapika hapo, anaumwa hapo, anazungumza na mkewe kwa simu hapo. Juu ya maisha hayo yote kuna kifaa kinachotuma mahali alipo kila baada ya muda mfupi, na siku hizi baadhi ya kampuni zimeongeza kamera inayotazama ndani ya kebini.

Tajiri ana sababu zake, na si za kubeza. Lori na tela ni mkopo wa benki. Shaba hutekwa njiani. Mafuta hunyonywa, barabara nzima hiyo ina vijiwe ambako wese linashushwa kwa dumu na kuuzwa nusu bei. Na kuna nyakati dereva mwenyewe anataka aonekane: mwaka 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi huko Kivu Kusini, Kongo, na baadhi ya malori yakachomwa moto. Ukiwa kwenye balaa kama hilo, hutamani kuwa mahali asipojua mtu. Nimesikia pia madereva wakisifia kifaa kwamba kimewaokoa na kesi, pale mtu alipodai lori fulani lilimgonga na rekodi ikaonyesha lilikuwa limeegeshwa mji mwingine.

Lakini taarifa iliyokusanywa kumtafuta mwizi huishia kwenye mambo mengine. Simu inalia: mbona umesimama Makambako saa tatu? Dereva anajieleza kwamba alikwenda zahanati, au alimpitia mama yake. Kuanzia hapo bosi anajua ana mama Makambako, au anadhani ana nyumba ndogo, na dhana hiyo inazunguka ofisini hadi kwa mhasibu. Hakuna mafuta yaliyoibiwa. Kilichobaki ni ramani ya maisha ya mtu.

Sheria haijakaa kimya. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, zisitumike nje ya lengo hilo, na mwenye taarifa aweze kuziona. Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Ni silaha nzuri, ila dereva anayelipwa kwa safari, wengine bila hata mkataba wa maandishi, atakwendaje kumshitaki aliyemkabidhi funguo? Ukimwambia bosi unataka kuona rekodi zako, kesho yake lori lina dereva mwingine.

Marekani walipolazimisha vifaa vya kielektroniki vya kurekodi saa za kazi kwenye malori, Desemba 2017, madereva walipiga kelele zilezile. Kilichowekwa kwenye kanuni ni kitu chepesi: dereva akiwa kazini, kifaa kinaandika mahali alipo kwa ukaribu wa maili moja hivi, akibadilisha kwenda matumizi binafsi, ukaribu unalegezwa hadi maili kumi. Mkaguzi anajua yuko upande gani wa nchi, hajui yuko mlango wa nani. Kanuni hiyo inambana mkaguzi, na mwenye lori anaweza kuwa na GPS yake pembeni, kwa hiyo si dawa ya kila kitu. Inaonyesha tu kwamba usahihi wa kifaa ni kitu cha kupanga, hauji na mashine.

Bodaboda na bajaji za mkopo nitazigusa kwa kifupi, kwani ni mgogoro wa aina nyingine: huko kifaa kinaweza hata kuzima injini rejesho likichelewa. Hilo ni suala la deni zaidi ya faragha, na linahitaji mjadala wake.

Kwa malori ningeanza na tajiri mdogo, mwenye magari mawili matatu. Kampuni kubwa zina ofisi ya ufuatiliaji na walau zinaweza kukaguliwa. Huyu mdogo ana programu kwenye simu, na nywila anayo yeye, mkewe, shemeji yake na fundi aliyefunga kifaa. Dereva anaangaliwa na watu wanne, na hata hawajui wote. Mkataba wa ukurasa mmoja ungetosha kutaja nani anaona, rekodi zinafutwa baada ya muda gani, na kamera ya ndani inazimwa lini.

Wenye malori watasema ukimpa dereva saa za kutoonekana umempa saa za kuuza wese. Hapana. Kipimo cha tangi kinafanya kazi bila ramani: mafuta yakishuka ghafla injini ikiwa imezimwa, au mlango wa tela ukifunguliwa, mfumo utoe tahadhari na mahali paonekane hapohapo. Yasiposhuka na mlango usipofunguliwa, dereva aliyefunga pazia lake Makambako aachwe alale.